Mafuta ya Boila Kwenye Mbege ya Posa

Ti… ti… ti…

Ndicho kilichoniamsha, jogoo hajawika bado. Kitu kinadondokea ndooni, nyuma ya jiko langu.

Nikajua bomba limelegea. Nikajifunga khanga, nikatoka na tochi.

Kumbe ni mjukuu wangu Filbert. Amechuchumaa, anachuja uji mweusi kwa kitambaa. Uji unanuka, jamani! Kama lami iliyochanganywa na mayai viza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Dizeli."

"Filbert. Nimezeeka macho, pua bado."

Akacheka. "Ni mafuta ya boila, bibi. Kuna kiwanda kimefungwa mjini, yamebaki kwenye tangi, wanayauza kwa bei ya kutupa. Nachanganya na dizeli kidogo, lori linakula tu. Wiki nzima nayatembelea Moshi mjini, freshi kabisa."

Ilikuwa mwaka 1996, mwezi wa saba. Siku hiyo ndiyo tulikuwa tunatoka Kibosho kupeleka mbege ya posa Mkuu, Rombo, kwa kina Digna.

Filbert nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Huyo Digna ndiye msichana wa kwanza aliyemfanya mtoto wangu anyoe ndevu bila kuambiwa. Nilimtaka Digna kuliko hata yeye mwenyewe alivyomtaka.

Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, niliipika kwa mikono yangu. Nikaijaza pipa zima, nikalifunika kwa majani ya mgomba. Mbege haizibwi kwa mfuniko. Inachemka yenyewe, ukiinyima pumzi itakupasulia pipa.

Pembeni yake, juu ya lori, Filbert akafunga pipa la mafuta yake. Kizibo kilishapotea. Ameziba kwa gunzi la mahindi.

"Hilo gunzi litakaa?"

"Bibi, tulia. Mimi ndiye dereva."

Mae! Nikapanda lori.

Huku chini mjini lori liliunguruma vizuri, siwezi kusema uongo. Shida ilianza tulipopita Marangu, kwenye ukungu na baridi. Likakohoa. Likazima.

Filbert akafungua chujio. Ndani kumeganda kitu kama mafuta ya ng'ombe, ila cheusi tii. Mafuta yale yalizoea joto la boila. Baridi ya Julai mlimani ikayalaza.

Tulisimama mara tatu, Filbert anasafisha chujio, lori linawaka tena. Moshi unaingia mpaka ndani, unakaa kwenye meno. Nikitema, natema cheusi. Mama mmoja akakimbia kuanua nguo zake kwenye kamba, akatupigia kelele:

"Mnachoma nini humo? Mbwa?"

Shemeji yangu Antoni, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, alikaa nyuma akishikilia mapipa. Alitapika mpaka koti lake la kanisani likaharibika. Filbert akasimamisha gari, akamfuta uso kwa shati lake mwenyewe, akamleta mbele kwetu.

Mtoto ana huruma yule. Ila nyuma kwenye mapipa hakubaki mtu.

Saa nane mchana tukaingia uani kwa wakwe. Lori likatoa moshi, pwaa! Likafa. Masizi yakatua taratibu juu ya vitambaa vyeupe vya meza walivyotutandikia.

Aibu niliyoisikia, acha.

Wakwe wakatukaribisha kama vile hawaoni kitu. Vijana wao wakashusha pipa la mbege. Bibi yake Digna, anaitwa Kornelia, mwembamba, rika langu kabisa, akaniletea maji ya moto ninawe uso. Hakuna aliyemtuma.

Antoni akasalimia, akasema maneno ya posa. Kata ya kuchotea ikaletwa.

Kwetu, aliyepika ndiye anaonja kwanza, wote wakimwona. Ndipo wenyeji wanywe.

Nikafunua majani. Yanateleza. Nikachota. Juu ya povu naona rangi rangi, kama dimbwi la gereji.

Gunzi lilichomoka njiani, mafuta yakarukia mbege.

Antoni alipoona akaninong'oneza: "Shemeji, meza. Meza, useme tamu. Ukitema hapa, posa imekufa."

Nikaweka mdomoni. Nisikilizeni, wajukuu zangu: ilikuwa ulezi na tairi. Ilikuwa ndizi iliyooza ndani ya injini. Ulimi ukafa ganzi.

Digna alikuwa mlangoni, ananitabasamia.

Nikawaza, nikimeza, kata hii inakwenda kwa babu yake. Kisha kwa kila mdomo uliopo hapa.

Nikatema. Hapo hapo majanini, mbele ya wazee wa watu.

"Wakwe, msinywe. Imeingia mafuta ya gari. Ni uchafu. Mtusamehe."

Antoni akajifunika uso. Filbert akapiga magoti.

"Kosa ni langu. Bibi aliniuliza asubuhi, nikamwambia atulie."

Ndipo Kornelia akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwenzangu, sisi tulijua tangu pipa linashuka! Harufu yenu ilifika kabla yenu. Nikawaambia hawa, nyamazeni, tuone kama watatunywesha."

Akamgeukia Filbert.

"Bibi yako angemeza akatupa sisi, Digna ungekuja kumwona kanisani na mume mwingine."

Akaagiza mbege ya kwao itolewe. Akaonja yeye kwanza, akanipa kata kwa mikono miwili. Sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Digna tulimpata. Lori hatukulipata tena. Fundi alifungua pampu, akaifunga, akaenda kunawa mikono. Lilibaki pale pale mpaka wauza chuma walipolichukua.

Nami nawaambia hivi: kitu kinachokutia kinyaa wewe, usidhani mashine itakivumilia kwa sababu haina mdomo. Na ukishaharibu, tema mwenyewe mbele za watu. Usimpe mwenzako ameze.

Jioni ile Kornelia alitusindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono kama tumekua pamoja.

"Mwezi ujao mje tena," akasema. "Upike nyingine, nikae na wewe siku mbili. Ila nakuomba, mama, mje na basi."