Nukta Zilizotulia Mno

Jumatatu ile karakana ilianza kazi saa ile ile ya siku zote, lakini kando ya mashine ya sita palikuwa na kimya ambacho ngurumo za mashine nyingine hazikuweza kukifunika. Chati ilikuwa bado inaning'inia kwenye ubao wake. Nukta za penseli zilikuwa zimepanda na kushuka hadi Ijumaa mchana, kisha karatasi ikabaki nyeupe. Wakati wa kahawa Raili, wa mashine ya jirani, alimimina vikombe viwili kwa mazoea, akakitazama kile cha pili, akakinywa nacho.

"Fundi, niiondoe hiyo karatasi?" mtu mmoja akamuuliza Tore, msimamizi wa mashine za upande ule.

"Iache."

"Lakini mashine yenyewe imezimwa."

"Nimesema iache, bwana. Kwani inakula chakula chako?"

Aliyekuwa ameondoka ni Irja Moilanen, Mfini wa Suomussalmi, mashariki mwa Ufini. Kwa zaidi ya miaka kumi alisimama pale, katika kiwanda kimoja cha mjini Eskilstuna, Uswidi, akilitazama jiwe la mviringo likisugua pini za chuma mpaka zifikie unene unaotakiwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliimba tenzi za kanisani kwa sauti ya puani, siku zote akiwa nyuma kidogo ya tuni, na Waswidi walimtania kwamba Mungu wa Kifini lazima ni mvumilivu sana. Irja alicheka nao. Kisha aliendelea kuimba vile vile.

Alivuka ghuba kwa meli akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao nusu ya vijana wa kijiji chao walivuka. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Nyuma alibaki baba, mzee Eeli, pamoja na nyumba ya magogo kando ya ziwa, mashua, nyavu na kibanda cha sauna, bafu lao la mvuke. Walipatana kwamba angekaa Uswidi miaka miwili. Lakini miaka miwili ya mhamiaji ni kama mpira, huvutika tu. Ukija kuuachia, unakurudi usoni.

Kila Julai kiwanda kilifungwa kwa likizo, naye akarudi kwao. Alikaa gatini miguu ikiwa ndani ya maji, akamsaidia baba kutoa nyavu, akalala kwenye chumba chake cha utotoni ambako usiku wa kiangazi haukuwa na giza. Likizo nzima alilisubiri neno moja. *Baki.* Alilisubiri mezani, alilisubiri kwenye mvuke wa sauna, alilisubiri hadi kituo cha basi. Hapo baba aliliweka begi lake chini, akakohoa, akasema, "Haya. Usilale dirisha likiwa wazi." Basi lilipoondoka alikuwa keshageuka kwenda zake.

Naye Irja hakuliomba. Alikuwa binti wa baba yake. Alijiambia kwamba mzee haoni pengo, kwamba misonobari na samaki vinamtosha, na wazo hilo alirudi nalo Eskilstuna kila Agosti kama mtu anayebeba jiwe kwenye mfuko wa koti.

Wakati anaanza kazi, Tore alimweleza chati kwa maneno machache, kwa kuwa Kiswidi cha Irja kilikuwa bado kichache. Kila baada ya muda chukua pini tano, zipime, tafuta wastani, weka nukta. Mstari wa katikati ndio unene tunaoutaka. Mistari miwili myekundu, wa juu na wa chini, ndiyo mipaka. Nukta zikichezacheza humo ndani, usiiguse mashine, hata mkono ukikuwasha. Moja ikiruka mpaka, au zikipanga foleni upande mmoja, niite.

Irja alielewa yote isipokuwa kuchezacheza. Kwao, mtu aliyeajiriwa ugenini hachezi. Aliogopa kwamba nukta iliyokaa mbali na mstari wa katikati ingesema kwamba Mfini hajui kazi. Kwa hiyo pini zilipopimwa zikawa nene kidogo, aliisogeza nukta yake karibu na katikati. Zilipokuwa nyembamba, akaisogeza pia. Hakuona kwamba anadanganya. Aliona kwamba anapanga nyumba kabla ya wageni kuingia.

Haukupita muda Tore akaja, akasimama mbele ya ubao, mikono nyuma.

"Nani kazichora hizi?"

"Mimi, Fundi."

"Nzuri sana. Shangazi yangu anafuma vitambaa vya meza, hata yeye hawezi mshono ulionyooka hivi."

Irja alidhani amesifiwa. Raili, aliyekuwa akisikiliza, akamwambia kwa Kifini: "We, usitabasamu. Anakusuta."

Tore akachukua penseli. "Sikiliza. Chuma kinapumua. Jiwe linalika, maji ya kupozea yanapata joto, mtu anafungua mlango wa nje baridi ikaingia. Hata siku njema kabisa nukta lazima zitikisike. Zikitikisika najua zinasema kweli. Zikitulia namna hii, kuna mtu ananificha kitu."

"Sikutaka kukusumbua," Irja akasema, uso ukimwaka.

"Mimi nalipwa kusumbuliwa, dada. Nisumbue."

Tangu siku hiyo aliandika kama alivyopima. Ikawa kazi aliyoipenda kuliko alivyotarajia. Kulikuwa na faraja kuona kwamba kitu kinaweza kuyumba na bado kikawa kizima.

Jumapili alimpigia baba simu. Miaka ya mwanzo mazungumzo yao yalikuwa malalamiko matupu. Mgongo ulimuuma. Jirani yao Tauno alikuwa mwizi wa kuni, kisha akawa rafiki, kisha mwizi tena. Barafu ilikatika nyavu zikapotea. Mbwa alikula soseji za Krismasi, baada ya muda mbwa akafa, na baba alizungumza juu ya hali ya hewa tu mpaka simu ikaisha. Irja alikata simu akiwa amechoka, na harufu ya ziwa ikimjaa puani katika chumba kilichotazama maegesho ya magari.

Kisha, baada ya majira fulani ya vuli, malalamiko yalikoma.

"Hali yako, baba?"

"Njema. Nimepata samaki wawili. Sauna imepata moto vizuri. Mgongo hausumbui."

"Na Tauno?"

"Tauno mzima."

Irja alifurahi. Alimsimulia Raili kwenye meza ya kahawa.

"Una bahati, mwenzangu," Raili akasema. "Mama yangu hufa kila Jumapili. Mpaka maziko nimeshayapanga mara sita, na maua nimechagua."

"Baba yangu amekuwa mpole uzeeni."

"Mzee wa kwenu Kainuu? Mpole? Labda kabadilishwa hospitali."

Wakacheka. Lakini furaha ya Irja ilikuwa na kitu kichungu chini yake, kama kahawa isiyochujwa. Sasa ilikuwa wazi kabisa kwamba baba hakuhitaji mtu. Majira ya baridi yalipita, samaki wawili, sauna moto, mgongo hausumbui. Irja akaanza kuangalia tangazo la fleti kubwa zaidi pale pale Eskilstuna. Neno alilolisubiri alianza kulizika, taratibu, bila ibada.

Mwisho wa Mei mashine ya sita ilifanya jambo. Nukta zilikaa kwenye mstari wa katikati hasa, moja baada ya nyingine, bila kutikisika. Safari hii Irja hakuwa amezisogeza. Alipima pini tano, zote sawasawa. Akapima nyingine tano. Sawasawa. Akamwita Tore.

Tore hakuitazama mashine hata kidogo. Alikigonga kwa kucha kipimo cha pini, chenye mshale kama wa saa, na mshale ukaruka ghafla, ukaenda kusimama mbali.

"Mshale umekwama," akasema. "Pini zimekuwa zikibadilika asubuhi nzima. Sisi ndio tulikuwa hatuambiwi. Tenga masanduku yote ya leo, tutayapima upya."

Irja hakutenga kitu. Alisimama na pini mkononi, ikipoa.

"Irja? Umesikia?"

"Samaki wawili," akasema.

"Nini?"

"Kila Jumapili wawili. Hata wiki ile barafu ya ziwa ilipokuwa inayeyuka na hakuna mtu anayeweza kutia nyavu. Wawili. Hakuna siku ya watatu, hakuna siku ya kukosa."

Tore hakuelewa, ila aliuona uso wake, akasema, "Nenda ofisini ukapige simu. Masanduku nitayatenga mimi."

Haikuwa Jumapili. Simu iliita kwa muda mrefu sana kabla haijapokelewa, na kwanza ilisikika sauti ya kitu kikianguka.

"Nani?"

"Mimi, baba."

Akajibu haraka haraka: "Njema hapa. Nimepata samaki wawili. Sauna—"

"Baba, unaliona ziwa hapo ulipo?"

"Dirisha si lipo pale pale?"

"Maji yana rangi gani leo?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ni rangi gani?"

Alimsikia akipumua. Chumba kizima cha ofisi, na karani akipiga taipu, na winchi ya kupakia magari huko nje, vyote vilisogea mbali.

"Simu inakula pesa, Irja," baba akasema hatimaye. "Rudi kazini. Una kazi nzuri." Akakata.

Ijumaa mchana alimaliza zamu yake, akaweka nukta ya mwisho, akamwendea Tore. Fundi alikuwa akifuta mikono kwa tambara, na aliendelea kuifuta baada ya mikono kuwa safi.

"Likizo ni Julai," Tore akasema.

"Siombi likizo."

"Amekuita?"

"Hapana. Anaweza hata kunifukuza."

"Akikufukuza utarudi?"

"Sijui, Fundi."

Tore akatikisa kichwa polepole. Kwa miaka mingi alikuwa na maneno fulani ya kumwambia Irja, na kila mwaka aliyaahirisha mpaka baada ya Julai. Alichosema ni, "Huko kuna baridi. Chukua glavu zangu." Na Irja alizichukua, ingawa Juni ilikuwa mlangoni.

Kutoka kituo cha basi alitembea kwa miguu. Kabla hajafika uani aliziona nyavu. Zilikuwa zimeanikwa ukutani, kavu kabisa, na majani ya vuli iliyopita yamenasa ndani yake. Mashua ilikuwa imepinduliwa na nyasi zimeota kuizunguka. Na palikuwa na kamba. Kamba ndefu imefungwa kwenye nguzo ya mlango, ikaenda hadi chooni, kutoka chooni hadi kibanda cha kuni, kutoka huko hadi sauna, ikiwa imepita usawa wa kiuno cha mtu. Mahali fulani ilikuwa imeng'aa kwa kushikwashikwa.

Baba alikuwa mlangoni. Macho yake yalitazama upande, kuelekea mahali pasipo na mtu.

"Tauno?"

"Mimi, baba."

Mzee aliishika nguzo. "Julai imefika?"

"Bado."

"Basi umekuja kufanya nini? Si nilikwambia kila kitu sawa? Kila Jumapili nakwambia."

"Ndiyo maana nimekuja."

Eeli aligeuza uso pembeni kana kwamba ana kitu cha kusikiliza ziwani.

"Ningekwambia ungeacha kazi," akasema. "Hapa hakuna kazi. Kuna misonobari na kipofu mmoja. Mtu mzima haitwi arudi kwa ajili hiyo."

"Nilikuwa nangoja uniite, baba. Miaka yote hiyo."

"Na mimi nilikuwa najizuia," mzee akasema. "Miaka yote hiyo."

Waliingia ndani. Irja alichemsha kahawa, wakanywa. Alisubiri aulizwe basi la kurudi ni lini. Jioni ilikuja bila giza. Baba akainuka, akapapasa ukutani mpaka akalipata shoka, akamwelekezea Irja mpini.

"Kuni za sauna zimekwisha," akasema. "Tauno ananipasulia, ila hupasua vipande vinene kama mwizi alivyo. Pasua vyembamba."

Kwa watu wa kule mgeni hapewi shoka. Mgeni hukalishwa, humiminiwa kahawa, huulizwa habari za safari. Irja alilipokea, akatoka nje akishika ile kamba ingawa hakuihitaji, na mbele ya rundo la magogo alilia kwa mara ya kwanza tangu meli ile ya ujana wake, kisha akaanza kupasua.

Mzee Eeli aliishi miaka mitatu zaidi. Alirudia kulalamika, juu ya mgongo, juu ya Tauno, juu ya supu ya njegere ya kila Alhamisi ambayo bintiye aliitia chumvi leo nyingi, kesho kidogo. Irja aliyasikiliza malalamiko hayo kama wengine wanavyosikiliza redio. Kitu kimoja hakukitarajia: usiku wa baridi, theluji ikiwa imekwisha kuzima kila sauti, alianza kukitamani kiwanda. Alitamani harufu ya maji ya kupozea, na Raili, na mtu wa kusimama mikono nyuma akimsuta. Glavu alizirudisha kwa posta, pamoja na barua fupi kwa Kiswidi kibovu. Tore alijibu kwamba zingemfaa zaidi Irja, akazituma tena.

Irja Moilanen anakaa bado katika nyumba ile ya magogo, Suomussalmi, na siku za kazi hupanda basi la asubuhi kwenda mjini, ambako anapika katika jiko la shule ya msingi.