Wifi Yangu, Maikrofoni Mbili na Sauti ya Mama

Wifi yangu alizaliwa na masikio, si kama sisi tuliobandikwa. Nilipoolewa na kaka yake, yeye bado msichana, nilimwona akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta. "Ile ina waya umelegea," akasema. Bisibisi ilipoingia, waya ukakutwa unaning'inia. Kuanzia siku hiyo watu wakamwita Masikio, naye akaitika kwa maringo.

Alikuja kuwa fundi wa kurekodi sauti. Chumba chake cha kazi kilikuwa kile cha nyuma ya nyumba yetu, kuta zimeegemezwa magodoro makuukuu ya kumeza mwangwi. Mshika nyaya wake nilikuwa mimi, kwa hiyo nisifundishwe na mtu. Mono ni sauti yote kupita njia moja. Stereo ni njia mbili, kushoto na kulia, ndiyo maana ukivaa visikizi unajua nani kasimama wapi. "Mhubiri mmoja mono inamtosha, wifi," alikuwa akiniambia. "Kwaya ipe stereo, usiwabananishe watu mlangoni."

Basi Mama, mama mkwe wangu, akaugua koo. Daktari akasema lazima apasuliwe, na sauti huenda ikabaki, huenda ikaenda zake. Watoto wetu wote walilala kwa wimbo aliotunga Mama mwenyewe. Wifi akaapa kwamba wimbo ule hautapotea.

Siku moja kabla ya kwenda hospitali tulimketisha Mama katikati, maikrofoni moja kushoto kwake, moja kulia. Sisi wakwe na mabinti tulisimama pembeni, tukipiga makofi na kuitikia. Aliimba mara moja tu, akaishia kwenye kikohozi kilichomtoa machozi. Wifi alikuwa amevaa visikizi, akasema wimbo wote umeingia.

"Weka kwenye redio yangu nisikie," Mama akaagiza. Redio yake ilikuwa ya spika moja, na hakuiamini nyingine. Wifi akazichukua nyaya mbili za kinasa sauti, akaziunga pamoja, akazichomeka redioni. Makofi tuliyasikia. Mimi nikiitikia, nilijisikia wazi kabisa. Mama hayupo!

Mume wangu akashika kiuno. "Dada, tulikuomba umrekodi Mama, wewe umemrekodi mke wangu!"

"Nitaimba tena," Mama akasema, koo likikwaruza.

"Huimbi hata neno, Mama." Wifi akavaa visikizi, Mama yumo; akavivua, redioni hayupo; akavivaa tena. Mara akalipiga paja lake kofi.

"Mjinga mimi! Jana nimechomelea waya wa maikrofoni ya kulia, nikauunga kinyume. Mama alikuwa katikati, kaingia kote sawasawa, lakini huku anasukuma na huku anavuta. Nikizichanganya njia mbili, zinamalizana. Nyinyi wa pembeni mmepona kwa sababu kila mmoja kaingia zaidi upande wake."

"Fahali wawili zizi moja," mume wangu akasema.

"Basi mmoja atoke!" Akauchomoa waya wa kulia.

Mama akatoka! Akatoka mzima, na pumzi zake za kati ya mstari na mstari, na ule mtetemo wake mwishoni ambao hakuna binti aliyewahi kuuweza. Nilipiga kigelegele hadi magodoro yakashindwa kukimeza. Mume wangu, mwanamume mzima, alienda kusimama dirishani akatupa mgongo.

Mama alisikiliza ameinua kidevu. "Huyo anayeitikia kama kuku ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Nilijua. Mpunguzeni huyo, mniongeze mimi."

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti ya kusema ilirudi, ya kuimba haikurudi. Lakini kila kitukuu aliyezaliwa baada ya hapo alilazwa kwa wimbo ule, na Mama mwenyewe akiwa ameketi kando ya redio. Mgeni akiingia, hata hajapewa kiti, Mama alikuwa akinyoosha kidole kwenye spika: "Huyo ni mimi. Na aliyenirekodi ni binti yangu."