Kofia ya Tumbo la Mbuzi

Siagi ya ng'ombe ikikaa muda mrefu ndani ya kibuyu kilichozibwa hubadilika rangi kwanza, kisha hubadilika tabia. Huacha kuwa ya manjano ikawa ya kijivu, hufanya ngozi juu kama ya maziwa yaliyopoa, na chini ya ngozi hiyo hukaa harufu ambayo sijaiona ikielezwa katika kitabu chochote, nami nimesoma vingi. Ilikaa nyumbani mwangu Shinyanga kwa siku chache tu, katika miaka ya thelathini. Hata leo nikipita mahali palipoanikwa ngozi mbichi, mkono wangu huziba pua kabla sijaikumbuka.

Nilikuwa mwalimu kijana, na mke wangu alikuwa ameugua homa ndefu wakati wa masika. Homa ilipomwachia, nywele nazo zilimwachia. Kila alipochana, shanuo lilitoka limejaa, mpaka kichwa kikabaki na mabaka kama shamba lililoingiliwa na mifugo. Dresa wa hospitali, mfunga vidonda asiyependa maneno, alimtazama akasema kuwa nywele zitarudi zenyewe mwili ukipata nguvu, ila hazitarudi upesi. Niliridhika, kwa kuwa huyo alikuwa amewaona kwa macho yake wagonjwa wengi wa homa ile.

Mke wangu hakuridhika, naye alikuwa na sababu. Mdogo wake alikuwa anaolewa Kharumwa baada ya mavuno. Katika ukoo wao, dada mkubwa ndiye anayemtoa bibi harusi nje ya nyumba ya baba yao, akimtangulia kichwa wazi, nywele zimesukwa na kupakwa mafuta. Akifunika kichwa, wageni watasema anaficha jambo. Akinyoa, watamhesabu mfiwa. Maana kwao mwanamke aliyefiwa hunyoa kichwa, na hagusi mafuta mpaka matanga yaishe, na mfiwa hamtangulii bibi harusi. Asingefaa, angewekwa jikoni kukoroga ugali, na heshima hiyo angepewa binti wa mama yao mdogo, ambaye mke wangu hakumpenda kwa sababu alizonieleza mara nyingi kuliko nilivyohitaji.

Ndipo alipokuja shangazi yake. Alifika juu ya lori lililokuwa likirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita, amekumbatia kibuyu kama mtoto mchanga. Abiria wenzake walikuwa wamejibanza upande wa pili wa lori. Hilo sikulisikia kwa watu. Nililiona mwenyewe walipokuwa wakishuka.

Shangazi wa mke ni sawa na baba wa mke. Adabu ya ukwe ilinikataza kujibizana naye uso kwa uso, kwa hiyo yeye alikaa uani, mimi nikakaa sebuleni, na mke wangu akasimama mlangoni kupokea maneno na kuyapeleka.

"Mwulize shangazi mna nini ndani ya kibuyu," nilisema.

"Siagi," lilikuja jibu kutoka uani kabla mke wangu hajafungua kinywa. "Ya ng'ombe mweusi."

"Mwulize ni ya lini."

"Mwambie Mwalimu siagi ya juzi ni ya kupikia. Hii ni ya nywele."

"Mwulize amechanganya na nini."

"Mbegu za mbarika zilizokaangwa zikatwangwa. Uboho wa mfupa wa paja. Na mkojo wa ndama ambaye hajaanza kula majani."

"Mkojo," nilisema.

"Wa ndama," ilijibu sauti, kana kwamba nimemtukana. "Wa ng'ombe mzima hatupaki. Mwambie sisi si washenzi."

Nilimwomba mke wangu aulize ni nani aliyepata kupakwa uchafu huo akaota nywele. Neno uchafu hakulifikisha. Shangazi alisema watu wote wanajua. Nikataka mmoja. Basi akasema yuko mwanamke Isaka, mke wa nyapara wa reli, ambaye kichwa chake kilikuwa kama yai na sasa anasuka.

"Amemwona?"

"Nimeambiwa na mtu aliyemwona."

"Mtu gani?"

"Mtu wa kweli," alisema shangazi, na kwa upande wake shauri lilikuwa limekwisha.

Nilitangaza kwamba hakuna kitu kitakachogusa kichwa cha mke wangu mpaka nimemwona mwanamke wa Isaka kwa macho yangu. Jumamosi, baada ya masomo, nikapanda treni.

Kumpata hakukuwa kazi. Alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mnene, mcheshi, ameketi nje ya nyumba za wafanyakazi wa reli akipepeta mchele, na nywele zake zilikuwa nyingi kweli. Nilimsalimu, nikajieleza kuwa ni mwalimu, nikamwambia nilivyosikia: kwamba nywele zake zilitoka zote, kisha zikarudi kwa siagi.

Alisimamisha ungo. "Nywele hizi? Hazijapata kutoka tangu nizaliwe."

"Hukupaka siagi?"

"Nilipaka. Kwa ajili ya chawa."

"Wakafa?"

"Chawa walikufa, baba. Na inzi walioingia ndani walikufa. Na mume wangu akahamia kwa kaka yake mpaka mwezi ulipoandama." Alicheka mpaka mchele ukamwagika, kisha akaacha ghafla. "Ni nani anayesema nilikuwa na upara? Mlete hapa."

Nililala Isaka kwa mwalimu mwenzangu, nikarudi Shinyanga Jumapili nikiwa mtu mwenye furaha kuliko nilivyopata kuwa tangu homa ile iingie nyumbani. Nilikuwa na ushahidi.

Harufu ilinipokea nje ya uzio. Kama mtu angeacha maziwa yaoze ndani ya kiatu kilicholowa, kisha akakichoma kiatu hicho, angeikaribia. Uani, palipokuwa na jua kali, mke wangu alikuwa ameketi juu ya kigoda. Kichwa chake kilikuwa kimefunikwa kwa utando wa mafuta unaozunguka matumbo ya mbuzi, mbuzi aliyechinjwa asubuhi ile ile, nao umefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Shangazi alikuwa ameeleza kuwa kofia hiyo huzuia joto lisitoke, dawa ikazama. Joto halikutoka, na dawa yenyewe ilikataa kukaa ndani. Ilikuwa ikishuka kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, ya kijivu, yenye chembechembe za mbarika, na inzi walikuwa wakitembea juu ya utando ule kwa miguu, wameshiba, hawana haja ya kuruka. Mbwa wa jirani alikuwa ameketi mbele yake akikitazama kichwa kile bila kupepesa.

"Umerudi," alisema mke wangu. Hakugeuza shingo.

"Nimerudi. Mwanamke wa Isaka alikuwa na chawa tu. Nywele zake hazijapata kutoka."

"Shangazi alisema ukienda Isaka utarudi na maneno ya watu."

"Watu gani? Nimeyasikia kinywani mwake mwenyewe."

"Ndiyo hayo maneno ya watu."

Nilimwambia avue. Akasema ni mpaka ikauke. Nikauliza itakauka lini, naye akasema ikikauka. Nilikuwa nimefungua kinywa kumweleza mambo kwa mpango, moja baada ya jingine, aliponitazama, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili safi katika mafuta ya mashavuni.

"Unadhani siisikii hii harufu?" alisema. "Nimetapika tangu asubuhi. Lakini nilimbeba mtoto yule mgongoni mpaka akajua kutembea, Mwalimu. Nataka kumtoa nje mimi."

Nilimfukuza mbwa, nikachukua upepeo wa ukindu nikamfukuzia inzi, nikivuta pumzi kwa mdomo, jambo lililokuwa baya zaidi, kwani sasa ladha yake pia niliijua.

Jua liliposhuka, utando ukawa umekakamaa kama ngoma. Tulipouvua ulitoka kwa sauti ya kitu kinachobanduliwa, na nywele zile chache zilizosalimika zilitoka karibu zote pamoja nao, zimenasa upande wa ndani kama nyuzi kwenye gundi. Shangazi alisema hiyo ni dalili nzuri. Nilichukua maji, sabuni ya mche na magadi, nikamwosha mke wangu kichwa kwa mikono yangu, kazi ambayo wanaume wa wakati wangu hawakuifanya. Maji yaliteleza juu ya mafuta kama yanavyoteleza juu ya mgongo wa bata. Nilisugua kwa majivu. Mikono yangu ikanata, kucha zikajaa ute wa kijivu, nami nikaenda nyuma ya choo nikatapika, nikarudi nikaendelea.

"Mwambie Mwalimu asisugue sana," ilisema sauti ya shangazi kutoka upande wa pili wa ukuta, "atang'oa nywele."

Nilimjibu mkwe wangu moja kwa moja, kitu ambacho sikupata kukifanya kabla ya siku ile wala baada yake. "Shangazi, hakuna iliyobaki."

Mke wangu alijipapasa kichwa, polepole, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Kisha akasema, "Lete wembe umalizie. Mabaka siendi nayo."

"Watasema umefiwa."

"Wataniuliza. Nina mdomo."

Siku ya harusi tulifika Kharumwa na kichwa chake kikiwa kinang'aa. Kilikuwa kimeoshwa kila siku tangu Jumapili ile, na bado jua lilipokipata kilitoa ile harufu, kwa kuwa ilikuwa imeingia ndani ya ngozi. Safarini niliketi upande unakotoka upepo. Alipofunua kanga mbele ya mlango wa baba yake, ngoma zilisita. Binti wa mama mdogo, amesuka, amepaka, alikuwa tayari amesimama karibu na mlango.

Bibi mmoja mzee wa ukoo alimsogelea mke wangu. "Umefiwa na nani, mwanangu?"

"Sijafiwa na mtu, bibi. Niliugua, nywele zikatoka. Nimekuja kumtoa mdogo wangu."

Wanawake walitazamana. Binti wa mama mdogo alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba maneno ni rahisi, mtu huweza kuficha msiba wa upande wa mumewe. Nilikuwa najiandaa kuapa kuwa kwetu wote wazima, ingawa nilijua kiapo changu kingekuwa na uzito gani pale. Shangazi akanitangulia.

"Mnuseni," alisema.

Bibi mzee aliinama, akaweka pua juu ya kichwa cha mke wangu, akavuta pumzi. Nilimwona akifumba macho. Alipoinuka aliyapangusa kwa ncha ya kanga.

"Siagi," alisema. "Siagi ya zamani. Mfiwa hapaki mafuta. Mpisheni apite."

Alipita. Alimshika mdogo wake mkono akamtoa nje mbele ya watu wote, ana kichwa kitupu, shingo imenyooka, na vigelegele vilipopanda nilikuwa nimesimama karibu nao kiasi cha kuihisi harufu ile ikipita mbele yangu. Nilizuia pumzi. Sikugeuza uso.

Nywele zilirudi baada ya miezi, mwili ulipopata nguvu, kama dresa alivyosema. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa ndani ya treni, na mwanamke mmoja akaketi karibu nami, amejifunga kitambaa kichwani, na kabla hajatulia nikajua kilicho chini yake. Nilimwuliza, kwa upole wote niliouweza, ni nani aliyemshauri.

"Dawa hii inajulikana, baba. Yuko mke wa mwalimu mmoja Shinyanga, alikuwa na upara mtupu. Sasa anasuka."

"Umemwona?"

"Nimeambiwa na mtu aliyemwona."

Nilimweleza kuwa mwalimu huyo ni mimi, na kwamba kilichorudisha nywele ni kupona homa, wala siagi haikuotesha hata unywele mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama kwa huruma.

"Wewe ni mwanamume, baba," alisema. "Mambo ya nywele utayajulia wapi?"

Akakaza kitambaa. Nilihamia behewa jingine.