Kamba Niliyojifunga Mwenyewe

Nichekeni sasa tumalizane, kwa sababu kwetu Kathonzweni wote wameshanicheka.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu. Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha wastaafu kilitembelea ranchi moja karibu na Emali. Mwenyekiti wetu, Afande Mutua, alikuwa ameandika kwenye WhatsApp: "Huko kuna mashindano ya kamba. Nani ataingia?"

Mtu aliyekaa kambini miaka ishirini akisikia kamba, anajua ni ya kuvutana. Kwenye timu yetu ya jeshi mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho, yule anayejifunga kamba kiunoni timu isisogezwe. Nikajibu kabla ya wengine: "Andika mimi."

Basi nilienda na buti zangu za zamani. Nilipopewa kamba nikajizungushia kiunoni, nikapiga fundo la kijeshi, nikachimba visigino mchangani. Mke wangu, niliyekuja naye, alikuwa nje ya ua na simu, akinipiga picha.

"Timu yangu iko wapi?" nikamuuliza mchunga ng'ombe aliyesimamia.

"Uko peke yako, mzee."

"Na upande ule wako wangapi?"

"Ni mmoja tu."

Nikacheka. "Mmoja? Mlete!"

Lango likafunguliwa, akatoka fahali mweusi akipuliza vumbi. Yule mchunga ng'ombe akaangalia kiuno changu, kisha akapaza sauti mpaka mke wangu akasikia:

"Mzee, kamba ni ya kufunga ng'ombe! Mbona umejifunga wewe?"