Kengele na Ulimi wa Asubuhi

Hebu mwone anavyokuja, msomaji wangu: mtu mrefu, shati limenyooshwa pasi, anaingia stesheni ya treni kabla dirisha la tiketi halijafunguliwa. Anafungua stoo ya mafagio, mkono unagoma kuachia kitasa. Anasubiri. Vidole vinalegea kimoja kimoja. Haya, ameingia.

Huyo ndiye Kengele, mtangazaji wa stesheni kwa miaka kumi na tisa. Ugonjwa wa misuli aliurithi kwa mama yake: msuli ukikaza hauachii upesi, na ulimi nao ni msuli. Asubuhi maneno humtoka mazito, yakipitia puani, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akisema kwa muda, ulimi hulainika. Ndiyo maana kila siku huanza kwa kuyatangazia mafagio safari za treni.

Mama mmoja, mfagizi wa stesheni, humsikiliza. "Bado, baba. Mbichi." Halafu: "Sasa umeiva. Nenda."

Siku hiyo mkuu mpya wa stesheni alimwahi mlangoni mwa stoo, kabla hajaanza. "Treni ya kwanza imehamishiwa jukwaa la tatu. Tangaza sasa hivi!"

Kengele akatangaza. Abiria wakatazamana, hakuna aliyeinua hata begi.

"Umelewa?" mkuu akauliza.

"Alewe huyu!" mama mfagizi akadakia. "Hata dawa ya kikohozi humlaza. Mpe dakika kumi tu, mkuu wangu, uone."

Akapewa. Akayahutubia mafagio mpaka jasho likamtoka, kisha akarudi kwenye kipaza sauti. Safari hii maneno yalinyooka, na ukumbi mzima ukabeba mizigo kuelekea jukwaa la tatu.

Mkuu akamgeukia. "Sauti unayo, kaka. Turekodi matangazo yote leo, mashine iyapige kila siku. Wewe nitakupeleka dirisha la mizigo."

Daktari alishamwambia Kengele kwamba miaka ikienda ulimi utazidi kuwa mzito; dakika kumi zitakuwa ishirini, kisha saa. Akirekodi, sauti yake itabaki nzima, ila atakuwa akiisikia kama abiria. Akikataa, atasema mwenyewe mpaka ulimi ugome kabisa.

Mkono wake ulikuwa bado umeng'ang'ania kipaza sauti. Mama mfagizi akavitazama vile vidole.

"Ni misuli hiyo, baba, au ni wewe?"

Kengele akacheka.

Nawe, ungekuwa yeye, ungeachia?