Maji Yanayojilipa

Zamani bili ya maji iliwakusanya watu. Siku hizi inalipwa na kitu kisichojua hata kusema hodi.

Bi Dhahabu Mwidani alikuwa na bomba uani kwake, Mtongwe, upande huu wetu wa Likoni, tangu mumewe alipokuwa hai, na majirani wote wasio na maji walichota pale. Mimi nina bomba langu, ukuta kwa ukuta na yeye, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona bila ndoo mkononi.

Bili ikifika, alipeleka neno moja tu mtaani: "Karatasi imekuja." Jioni yake wanawake walianza kuingia. Mwenye pesa alileta pesa, mwenye shamba alileta muhogo au nazi, na asiye na kitu alikuja vivyo hivyo, akakaa ukumbini akasaidia kuchambua mbaazi. Bi Dhahabu hakumwuliza mtu umeleta nini. Ila asiyekuja kabisa, huyo alifuatwa kwake, maana kutokuja ni dalili ya jambo. Ndivyo alivyopatikana Ruth, mpangaji aliyetoka Kaloleni, amelala na homa kali, kitoto chake kimelia hadi sauti imekauka. Hiyo ndiyo iliyokuwa bili ya maji. Leo ukimweleza kijana anakutazama kama unamsimulia habari za majini.

Mwana wa pekee wa Bi Dhahabu, Suleiman, anakaa Mkomani, ng'ambo ya kivuko, na kazi yake ni ya kompyuta. Siku ya Idd alikuja, akashika simu ya mamake, akamwekea msaidizi wa akili mnemba.

"Mama, mambo ya foleni yamekwisha. Hiki kinasoma bili chenyewe na kulipa chenyewe. Maji, stima, taka, vyote."

"Na kikilipa kisichostahili?"

"Hakiwezi. Bili ikipanda kupita kawaida, kinasimama kwanza kiniulize."

"Kikuulize wewe. Kwani si mimi mwenye bomba?"

"Sitaki usumbuke, mama."

"Haya, baba."

Habari zikatoka nje, na mtaa ukazielewa kwa namna yake. Kadenge, anayeziba pancha za pikipiki pale njiani, alitangaza kwa sauti, "Jamani, maji ya Bi Dhahabu sasa yanajilipa! Bado kujichota tu!" Watu wakacheka, kisha wakaamini. Karatasi haikuja tena, bili iliingia simuni, basi na neno halikupelekwa, na hakuna aliyeleta shilingi wala nazi. Wakachota kama mvua ya bure. Wakafua mazulia. Kadenge akaosha pikipiki za wateja.

Bi Dhahabu hakutulia tena. Alikuwa akitoka uani, anarudi ndani, anatoka. Anafungua mlango wa mbele, anachungulia, anaufunga. Alipika kahawa ikapoa, akaimwaga, akapika nyingine. Nikamwambia, "Bi Dhahabu, waite, uwadai."

"Nidai? Mimi sijadai mtu maishani mwangu. Walikuwa wakija."

"Hawaji kwa kuwa hujawaita."

"Nilikuwa nawaambia karatasi imekuja. Karatasi iko wapi sasa?"

Bili ilipopanda, kile kitu kilifanya kilivyoagizwa: kikasimama, kikamwuliza Suleiman. Suleiman akairuhusu ilipwe, kisha akampigia mamake. Nilikuwepo, na simu ilikuwa na sauti kubwa.

"Mama, unalipia mtaa mzima!"

"Wananilipa wenyewe, tangu enzi za babako."

"Wapi? Mbona haionekani?"

"Haionekani kwa nani, Suleiman?"

Siku chache baadaye akaja fundi wa mabomba, Dishon, na mfuko wa vyuma. Bi Dhahabu akamwuliza ametumwa na nani.

"Nimepata ujumbe, bibi. Bomba litolewe uani, liingizwe jikoni. Pesa yangu nimeshalipwa."

"Ujumbe wa nani?"

"Chini umeandikwa: 'Msaidizi wa Suleiman.'"

Bi Dhahabu akaketi kwenye saruji, chini ya bomba, miguu kainyoosha. "Kata basi, ila uanzie kwangu."

Dishon ana adabu. Alikunywa chai akaenda zake.

Kesho yake mama yule alikwenda mwenyewe ofisi ya maji, pesa kazifunga kwenye pindo la leso. Binti wa dirishani akamwambia imeshalipwa. Akataka kulipa ya mwezi ujao. Binti akacheka kwa upole: "Hiyo nayo italipwa, nyanya. Wewe pumzika." Alirudi na fundo lake vile vile. Mashine haikukosea hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa imeiba tungeipigia kelele.

Suleiman alipokuja na fundi, mamake alimwambia kwa utaratibu, "Kizime hicho kitu, mwanangu."

"Nikikizima, mama, watarudi?"

Bi Dhahabu alitazama nje. Ruth alikuwa mlangoni, ndoo mkononi, amesikia yote.

"Mama, shikamoo. Hukutuambia. Tungeleta."

"Marahaba, mwanangu. Nilitaka mje, sikutaka niwaite." Akamgeukia Dishon. "Fanya kazi yako."

Bomba likaingizwa jikoni. Wiki hiyo hiyo alikubali kuhamia Mkomani. Alisema nyumba isiyochotwa maji hana kazi nayo.

Mara ya mwisho kuwaona, mama na mwana, ilikuwa kando ya barabara, gari linanguruma. Wanawake walikuwa wamezunguka mkokoteni wa maji, wananunua kwa dumu, na walipomwona wakatua ndoo wakamwamkia. Alimjibu kila mmoja kwa jina lake, akauliza habari za mtoto, za mguu, za mume. Suleiman alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine. Bi Dhahabu aliingia, akajifunika leso uso, akasema, "Twende, kabla sijateremka."