Toleo la Nyumbani ama la Kazi?

Leo mamangu amenifunga mdomo mbele ya fundi wa kompyuta hapa Tala.

Nyinyi mnalalamika mfumo mpya wa kompyuta umehamisha menyu katikati ya skrini. Mimi nimeshindwa na swali la fundi: "Nikuwekee toleo la nyumbani ama la kazi?"

Nikasema la nyumbani. Kazi yangu ni ya mtandaoni, na wageni wakiuliza, Mama huwaambia, "Huyu ako tu hapa." Nilijua kwake mimi sina kazi.

Mama akaweka kikapu chini. "Weka ya kazi. Huyu akifunga mlango wake asubuhi, simwiti, mbuzi nahamisha mwenyewe."

Mnaofanyia kazi nyumbani, mama zenu husemaje?

Wangu, sasa ndiyo nakumbuka, hajawahi kubisha mlango huo hata siku moja.